Simu ya Baba na Mtu wa Kumwambia

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, umeshapimwa kila kitu, kila kitu kimeonekana kizima, na wewe unajua fika kwamba ugonjwa wako si wa uongo, basi nimekuandikia wewe. Wengine nanyi karibuni, ila msinicheke kabla sijafika mwisho.

Naitwa Shomari. Ni fundi makochi hapa Maili Moja, Kibaha, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Nimezaliwa Kurui, Kisarawe, Mzaramo kwa baba na kwa mama. Mke wangu ni Mwanahawa, mtu wa Mlandizi, na tuna watoto watatu. Mkubwa ni Zaituni, na huyo ndiye aliyenifanya nikimbizane na kupona, vinginevyo ningeendelea kuugua taratibu kwa heshima zangu.

Ugonjwa wangu ulinianza masika, wiki mbili baada ya kumzika baba. Nilikuwa nagonga misumari kwenye fremu ya kochi, simu ikaita. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, jasho likanitiririka mgongoni, na pumzi ikawa inaishia kooni. Nikajua nakufa. Nikakaa chini juu ya sponji nikingojea. Simu ikakatika, na baada ya muda nikarudi kuwa mtu. Aliyepiga alikuwa mteja anaulizia kochi lake.

Kesho yake hali ile ikanirudia, na keshokutwa. Ilipofika kipupwe haikuwa inangoja simu tena. Ilinikuta sokoni, ilinikuta kwenye vikao, ilinikuta msikitini nikiwa safu ya mbele. Nikahamia safu ya nyuma karibu na mlango, mwisho nikawa nasali peke yangu dukani nyuma ya marobota ya vitambaa. Nilikonda mpaka mkanda nikautoboa matundu mapya mawili kwa sindano yangu ya kushonea ngozi. Mikono ilitetemeka, nikashindwa kuvuta springi. Simu niliitoa sauti, nikawa nailaza kifudifudi popote nilipo.

Mwanahawa alivumilia, halafu akasema.

"Baba Zaituni, mtu mzima anayeificha simu anaficha mwanamke."

"Hakuna mwanamke."

"Basi ipokee hapa, mbele yangu."

Sikuipokea. Akaondoka na kanga yake begani, akaenda kukaa kwao siku nne. Ningemwambia ukweli angerudi siku hiyo hiyo, lakini ukweli ulikuwa mgumu kuliko huyo mwanamke wa kubuni.

Ukweli wenyewe nausema hapa mapema, maana nimechoka kuuficha. Siku aliyofariki, baba alinipigia simu mara tatu. Nilikuwa namalizia kochi la bwana harusi mmoja, nikaiangalia simu, nikaona jina lake, nikaigeuza ikalala kifudifudi. Nikasema nitampigia nikimaliza. Kilichofuata ni simu ya mdogo wangu Sefu kwa jirani yangu wa duka, akimwomba aje aniambie. Baba alianguka shambani kwenye mikorosho. Hakuna aliyejua kwamba alinipigia, maana simu yake ilizikwa na matope ya mvua ya siku ile, haikuwaka tena.

Na kuna la pili. Msibani kwetu Wazaramo watani hawaalikwi, wanakuja. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani zetu toka enzi za mababu, na mtani akija msibani hukuliza na kukuchekesha, humuigiza marehemu, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wewe hukasiriki. Ndiyo kazi yake. Kurui yupo Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe zake akazeekea pale, na baba alikuwa mtani wake wa kila siku. Mazishini akavaa kofia ya baba, akachukua ganda la muhogo akaliweka sikioni likiwa limepinduliwa juu chini, kama baba alivyokuwa akiishika simu, akaanza kuita kwa sauti ile ile ya baba: "Shomari! Shomari wewe! Pokea bwana!" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilinyanyuka, nikamkamata mzee wa watu shingoni, nikamburuza mpaka nje ya ua. Kofia ya baba ikadondoka kwenye tope. Sijawahi kusikia Mzaramo aliyemfukuza mtani msibani, na waliokuwepo nao hawajawahi.

Nyumbani walisema nimepagawa. Nililetewa kombe, maji yaliyooshewa aya, nikanywa, nikasomewa, na sitadharau, maana nilikuwa nalala vizuri baada ya kusomewa. Kisha hospitali. Nilikaa kwenye mabenchi mpaka nikayajua yanayoyumba. Walinibandika waya kifuani, karatasi ikatoka na milima yake, daktari akaitazama akasema, "Moyo wako mzima kabisa, mzee." Hiyo ndiyo habari njema iliyonihuzunisha kuliko zote. Akaniambia ni wasiwasi uliovuka mpaka, na dawa yake kubwa ni kuongea na mshauri. Akaandika kwenye kadi.

Wakati huo huo Zaituni akaposwa. Kijana mzuri, posa ikajibiwa, ndoa ikapangwa baada ya Idi ndogo, Kurui, kwenye ua wa babu yake. Sasa katika ndoa zetu baba ndiye walii. Anakaa mkekani mbele ya watu wote, anamshika bwana harusi mkono, anatamka maneno ya kumuoza binti yake. Mimi niliyeshindwa safu ya nyuma ningeshikaje mkono wa mtu mbele ya ua mzima, tena ua ule ule?

Sefu akaniambia kwa upole, "Kaka, mimi nitakuwakilisha. Dini inaruhusu."

Kweli inaruhusu. Zaituni alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

"Baba, ungekuwa safarini sawa. Lakini uko hai, uko chumbani, mlango umefunga. Watu wakiniuliza nitasema nini?"

Toka siku hiyo nilikuwa na miezi isiyofika kumi ya kupona.

Mshauri wa kwanza alikuwa pale pale hospitali. Nilisubiri tangu asubuhi, likaitwa jina langu, nikaingia. Binti mdogo, hijabu ya buluu, daftari jipya. Akasimama kabisa akasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Na hapo mambo yakaisha. Akishaniamkia hivyo, mimi ni baba yake, na baba haendi kumlilia mwanawe. Aliniuliza naendeleaje, nikamwambia naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Aliniuliza usingizi, nikasema upo. Tukaishia mimi kumuuliza yeye habari za masomo na kumpa moyo. Nilitoka pale yeye ndiye ameliwazika. Sikumlaumu hata kidogo, nilijilaumu mimi.

Wa pili nilipelekwa na shemeji yangu. Mzee mmoja mstaafu mwenye ofisi yake ya ushauri, kiti cha ngozi kilichochakaa, ambacho macho yangu ya kifundi hayakukiacha. Hapa shikamoo niliitoa mimi, na mara nikawa mtoto. Alizungumza yeye. Alinieleza alivyopambana na maisha, akaniambia nijikaze, mwanaume hababaishwi na simu. Nikamgusia kidogo tu, kwamba natishika na mlio. Ijumaa yake mama mkwe kutoka Mlandizi akamuuliza Mwanahawa, "Eti mumeo siku hizi anaogopa simu?" Sikuijua njia iliyopitia hiyo habari, na sikutaka kuijua. Nilikaa vuli nzima bila kumfungulia mdomo mtu yeyote. Nilikuwa nazima taa ya duka mchana ili wateja wadhani nimefunga.

Wa tatu usicheke. Jirani yangu wa duka, kwa nia njema, alinitafutia mshauri wa Dar anayehudumia kwa simu. Kwa simu. Siku ya miadi simu ilitikisika juu ya meza ya kukatia vitambaa, ikajizungusha, ikajizungusha, ikaanguka chini. Yule mama wa watu alipiga mara mbili akaacha. Nilimwandikia ujumbe wa kumwomba radhi, akanijibu vizuri, na yakaishia hapo.

Ninachotaka ukikamate ni hiki. Baada ya hao watatu nilifikia kuamini kwamba ugonjwa wangu ndio hautaki kusemwa. Nikawa najiona mjanja nisiyeponyeka. Kumbe nilikuwa mtu ambaye hajampata wa kumwambia, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Aliyenitoa hapo ni yule binti wa hijabu ya buluu. Nilirudi hospitali kuchukua dawa za kulala, tukakutana kwenye korido, na sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikudanganya. Sikuweza kusema mbele yako." Nilidhani atakasirika. Akasema, "Nilijua, baba. Nilikuwa naomba urudi uniambie." Akasogea pembeni. "Si kila mtu anaongea na kila mtu, na hakuna kosa. Kuna mwenzangu mkubwa kidogo, umri wako. Anakaa Kisarawe mjini kila Jumanne. Ukiwa hujaridhika naye pia, mwambie yeye mwenyewe au niambie mimi, tutatafuta mwingine." Aliandika kwenye kipande cha karatasi. Ndugu yangu unayesoma, hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba unaruhusiwa kusema huyu hapana.

Msimu wa korosho ulikuwa unaelekea kuisha nilipoanza kwenda Kisarawe. Chumba chenyewe kina benchi nje chini ya bati, na anayesubiri anaona magunia yanavyopakiwa kwenye malori. Anaitwa Kalunde. Mama wa makamo, miwani ya kamba shingoni. Tukaangaliana, hakuna aliyemzidi mwenzake, hakuna shikamoo. "Habari za toka asubuhi?" "Salama. Za kazi?" Tukakaa.

Nikaanza tena nyimbo zangu, naendelea vizuri, usingizi upo. Alinisikiliza, kisha akauliza mimi mtu wa wapi.

"Wa hapa hapa. Kurui."

"Mzaramo?"

"Kabisa. Na wewe?"

"Mimi Mnyamwezi. Wa Tabora."

Nilisikia jasho mgongoni. Kati ya watu wote nimeletwa kwa mtani. Niliona kofia ya baba kwenye tope. Nikasimama, nikasema nimekumbuka nina mteja. Hakunizuia. Alisema tu, "Mlango uko wazi, lakini mbona umebadilika nilipotaja kwetu?"

Mtu aliyemkosea mtani ana deni la kumwomba radhi mtani, na akikutana na mmoja amekutana nao wote. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nikamwambia nikiwa bado nimeshika kitasa, "Nilimfukuza mtani msibani. Msiba wa baba yangu mzazi."

Akavua miwani. Nilitegemea kicheko, au anipige faini papo hapo, kama ingekuwa haki yake. Akasema, "Hilo kubwa. Kaa unieleze alifanya nini." Nikakaa. Nikamweleza ganda la muhogo, na ile sauti. Na ukishaeleza kwa nini sauti ile ilikuuma, huna pa kujificha, ikabidi nieleze na simu tatu. Nilieleza nikiangalia viatu vyangu. Nilipomaliza, nje watu walikuwa wanahesabiana magunia.

Hakuniambia nijikaze. Hakuniambia si kosa langu, neno ambalo nisingeliamini. Aliuliza, "Siku nyingine alikuwa anakupigia kwa ajili ya nini?"

Nikafikiri. Baba alinunuliwa simu uzeeni na alikuwa anapiga kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Alipiga kuniambia kuku ametotoa. Alipiga kuuliza kama Kibaha kuna jua. Alipiga mara nyingine akasahau, tukaishia kusalimiana. Mara tatu kwa siku haikuwa ajabu, ilikuwa kawaida yake.

"Na siku ile?"

"Sijui. Na sitajua."

"Hutajua," akasema. "Labda alikuwa anaumwa akakuita. Labda alitaka kukuambia mvua imenyesha. Yote mawili yanawezekana, Shomari. Wewe toka masika umeishi na moja tu."

Nililia pale mbele ya mwanamke nisiyemjua, kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu. Alinisogezea karatasi laini, na nilipotulia nikajikuta nasema, bila kupanga, "Nyie Wanyamwezi si ndio wabeba mizigo ya misafara toka zamani? Haya, huu nao." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mzaramo kuugua mwaka mzima bila kupigiwa ngoma, hata sisi inatusikitisha," akasema. "Lakini mzigo tutabeba wote. Jumanne ijayo, na usichelewe."

Sisemi kila mgonjwa atafute mtani. Mwenzako labda atamtaka mtu wa dini yake, au asiye wa dini yake, mgeni kabisa au mwanamke mwenzake. Mimi nilihitaji mtu ambaye si mwanangu wala mzee wangu, nisiyepaswa kumficha aibu, na mila ilikuwa imeniwekea watu wa namna hiyo toka sijazaliwa. Nilichofanya mimi ni kumburuza mmojawao nje.

Nilikwenda Jumanne nyingi. Nyingine nilirudi nimechoka kuliko nilivyokwenda. Alinifundisha kushika kitu kilicho karibu wakati moyo unapoanza mbio zake, nikakitambua kwa vidole, nikaacha mbio zipite. Tulianza na simu iliyozimwa juu ya meza, tukaja kwa simu inayotetemeka, tukaja kwa mlio. Mwanahawa alipojua nakwenda Kisarawe kila wiki kwa mwanamke alivaa baibui lake akanifuata, wiki ile akaketi na mimi kwenye benchi. Nilimwambia yote pale pale chini ya bati, wakati tukisubiri. Kisha akasema, "Mimi nilimpigia baba siku ile asubuhi, tukaongea habari ya mbegu za kunde. Alikuwa mzima." Akanishika kiganja mpaka jina langu lilipoitwa. Habari hiyo alikuwa nayo muda wote, na mimi sikuwahi kumpa nafasi ya kuisema.

Katikati ya Ramadhani nilikwenda Kurui peke yangu. Mzee Masanja alikuwa anakamua ng'ombe. Nikapiga goti nje ya zizi.

"Shikamoo mtani. Nimekuja."

"Marahaba. Umekuja kunimalizia shingo iliyobaki?"

"Nimekuja kuomba radhi. Toza faini yako."

Alimaliza kukamua bila haraka, hata hakunitazama. Nikamweleza simu tatu. Kibuyu kikasimama hewani. Yule mzee alianza kulia, akasema Mungu ni shahidi hakujua, angejua angemuigiza kwa mwendo wake tu. Tukalia wote wawili, tukiwa na swaumu zetu, ng'ombe wanatushangaa. Alipojifuta ndipo akatoa faini.

"Kuku sitaki. Nina simu na mimi, na baba yako ndiye aliyekuwa akipokea nikipiga. Kila Ijumaa baada ya sala nitakupigia. Utapokea."

"Nitapokea."

"Hata kama sina la kusema?"

"Hata kama huna."

Siku ya ndoa mvua za masika zilikuwa zimeanza, ua ulinukia udongo na pilau. Nilikuwa nimevaa kanzu ya baba, iliyonipwaya. Watu walijaa mpaka nje ya turubai. Sefu alikaa nyuma yangu, tukiwa tumekubaliana kwamba nikishindwa nitainua kidole naye atachukua nafasi. Shehe akamaliza hotuba, bwana harusi akanipa mkono wake, nao ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu. Moyo ukaanza. Nikatafuta mkeka kwa mkono wa kushoto, nikaupapasa ukindu mmoja mmoja, mwekundu na wa kawaida vidole havikuweza kutofautisha, lakini mishono niliihesabu. Nikamsikia Sefu akijiweka sawa. Kidole sikukiinua. Nikasema, "Nimekuoza," nikatua, nikavuta pumzi ikafika chini, "binti yangu Zaituni," nikatua tena, nikayamaliza yaliyobaki kwa sauti ambayo hata wanawake ndani waliisikia, maana vigelegele vilianza kabla kijana hajajibu.

Kutoka mwisho wa mkeka Mzee Masanja akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, leo mtandao unashika." Ua mzima ukacheka, na shehe naye. Nilicheka mimi kuliko wote, mkono wa mkwe wangu nikiwa bado nimeushika.

Sijapona kama anayepona malaria. Zipo siku natafuta mlango kwa macho. Kwa Kalunde naenda mara moja kwa mwezi, na kadi yangu imejaa, wameniongezea nyingine. Mkanda nimerudi tundu moja, bado moja. Kama umekwenda kwa mshauri wa kwanza ukaishia kumwambia unaendelea vizuri, rudi umwambie ulimdanganya, kisha utafute wa pili, na wa nne. Mimi nilikaribia kuozesha binti kwa mdomo wa mdogo wangu kwa sababu nilidhani nafasi ni moja.

Ningeandika zaidi, lakini leo ni Ijumaa, watu wametoka msikitini, na simu inaita juu ya meza ya vitambaa. Najua hana la kusema. Ngoja nipokee.